Kijiti Ukingoni mwa Maji

Mdogo wangu ana mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na mimi ndiye niliyeufupisha. Sikuushika wala sikuupiga. Niling'oa tu kijiti mahali kilipokuwa nikakichomeka hatua moja kutoka hapo. Mengine yote maji yalifanya.

Nalisema mapema kwa sababu watu wa Kitengela wanaonijua watashangaa. Kwao mimi ni mama wa mito. Mvua kubwa ikianza, simu yangu haipumziki: vikundi vya kupanda milima vinaniuliza kama kijito fulani kinavukika, kama wangoje, kama warudi nyumbani. Wananitumia picha za maji ya rangi ya chai ya maziwa, nami natoa hukumu nikiwa jikoni namenya viazi. Nawaambia wasidanganywe na upana, waangalie rangi. Ukiona mawe chini, vuka. Maji yakiwa ya udongo lakini hayapandi, kaa chini ule mkate wako. Yakianza kuleta povu na majani mabichi, ondoka ukingoni, kwa maana huko juu mvua bado inapiga na wewe hapa chini unaota jua. Nawaambia wasikilize pia. Mawe yakianza kusukumana chini ya maji utayasikia, sauti yake ni ya mtu anayeburuta masanduku chumba cha pili, na ukiisikia hiyo usitie mguu hata kama maji ni ya magotini. Fungua mikanda ya begi kabla ya kuingia, ili ukianguka begi likuache uende zako. Wananijibu kwa vile vikatuni vya mikono iliyounganishwa. Mungu akubariki, mama.

Haya yote niliyajua siku ile. Sikuwa mjinga. Ningekuwa mjinga ningelala vizuri.

Mambo yenyewe hayakuanzia mlimani. Tulizaliwa Embulbul, chini ya vilima vya Ngong, wasichana wawili tu, mimi wa kwanza na yeye akinifuata kwa miaka minne. Kati ya nyumbani na shule palikuwa na kijito ambacho miezi mingi hakikustahili jina hilo. Kilikuwa mfereji wa watu kutupia maganda. Lakini mvua ikinyesha vilimani usiku kucha, asubuhi tulikikuta kimejaa na kina hasira. Daraja hapakuwa. Palikuwa na mawe saba ya kukanyagia, na mvua kubwa iliyafunika yote saba.

"Mshike mwenzako mkono," Mama alituagiza kila siku, akiwa mlangoni na leso yake kichwani.

Nilimshika mpaka tulipoteremka bondeni, pale macho ya Mama yalipoishia. Hapo nilimwachilia nikamsukuma mbele. Sheria ilikuwa yangu, na ilikuwa rahisi: yeye atangulie. Maji yakimfika kiunoni, mimi yatanifika mapajani, basi nitapandisha sketi. Yakimfika kifuani, nitaivua sketi niibebe kichwani. Yakimfunika, siku hiyo sina shule. Nilimweleza hesabu hiyo waziwazi, bila kumficha lolote, na yeye, mtoto wa miaka saba, aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimempa cheo.

Akifika katikati aligeuka kunitazama. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, uso ule mdogo juu ya maji ya udongo, ukingoja nimwambie afanye nini. "Endelea," nilimwambia. Akaendelea. Siku moja kiatu chake cha kushoto kilienda na maji, na jioni nilimwambia Mama kwamba alikuwa akicheza. Mama alimchapa kwa mwiko uleule aliokuwa akisongea ugali. Mimi nilikuwa nimekaa mezani. Mdogo wangu hakusema kwamba nilimsukuma. Alinitazama, akapangusa pua kwa mkono wa sweta, na nikamdharau. Nilijiambia kwamba mtu asiyejitetea huwafundisha wenzake tabia mbaya. Mpaka leo sijaona kwamba huo ni uongo, ila nimeacha kuutumia.

Tulikua. Tuliolewa wote wawili, mimi nikaachika, yeye akabaki na wake, na miaka ikatuleta Kitengela, nyumba zetu zikitazamana toka pande mbili za korongo. Yeye ni fundi wa nguo. Anashona sare za shule, na wakati huo alikuwa na cherehani ya kukanyaga, ile nyeusi ya zamani iliyotoka kwa mama mkwe wake. Nilikuwa nikipita kibandani kwake namkuta na pini mdomoni, mguu wa kulia ukipanda na kushuka peke yake, bila yeye kuuangalia.

"Huu mguu ndio unalisha watoto wangu," alipenda kusema.

"Na hilo tumbo linalisha nani?" nilimjibu, kwa sababu alikuwa amenenepa, na mimi si mtu wa kuacha nafasi kama hiyo ipite. Alicheka. Wateja walicheka. Nilikwenda zangu nikiwa nimeburudika.

Mimi ndiye niliyeanzisha kikundi cha kutembea cha akina mama wa kanisani kwetu. Tulikuwa na magoti mabovu na presha, na daktari wa kila mmoja alikuwa amesema atembee. Nikanunua filimbi. Wiki za kwanza tulizunguka mtaa, kisha tukaenda Ngong, kisha vilima vya mbali zaidi, na mimi mbele kila mara, ulimi wangu ukiwachapa walio nyuma. Waliochoka niliwaita mizigo. Mmoja alilia njiani, nikamwambia alie akitembea. Walinipenda kwa hilo, au walinihofia, na katika kundi la wanawake watu wazima tofauti si kubwa sana.

Mdogo wangu alijiunga kwa sababu nilimwambia ajiunge. Alikuwa wa mwisho kila mara, akipumua kwa sauti, jasho likimtiririka. Lakini tukifika kwenye maji, alipita mbele. Hakuna aliyemwambia. Alijipenyeza kati ya wenzake, akashika fimbo yake, akatia mguu wa kwanza. Wenzetu walisema huyu kumbe maji hayaogopi. Mimi nilijua ni nini, na nilinyamaza kwa kuwa ilinifaa.

Safari yenyewe ilikuwa ya Ol Doinyo Orok, ule mlima wenye msitu unaosimama juu ya Namanga. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Alfajiri, tukipanga mabegi kwenye gari pale Kitengela, mdogo wangu akasema polepole, "Si tungengoja Saturday ingine? Huko juu kutakuwa na maji mingi."

"Wewe hata bafuni unaogopa bila mtu wa kukushika," nikasema, kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie. Walicheka. Naye akacheka, akapanda gari.

Tulikuwa wanawake sita. Kule Namanga tulimpata kiongozi wetu, Mmaasai wa makamo, mfugaji, aliyepandisha wageni mlimani siku ambazo mtu mwingine alichunga ng'ombe zake. Alitusalimia "Takwenya," tukaitikia "Iko" kwa pamoja, kwa matamshi mabaya, akatabasamu. Mtu huyu alikuwa mwangalifu mpaka akakuudhi. Kila nusu saa alimpigia simu shemeji yake aliyechunga upande wa juu wa mlima, akamuuliza kama kunanyesha. Tulipofika kwenye kijito cha chini, maji hayakufika hata kwenye kamba za viatu vyetu, lakini alisimama katikati akatugeukia sote.

"Hii maji tunavuka mara mbili," akasema. "Ile ya asubuhi si kitu. Ile ya kurudi ndio yenyewe."

Kilele hatukukiona. Saa sita ukungu ulifunga, mvua ikaanguka ghafla na kwa wingi, na kiongozi akatugeuza. Tuliteremka tukishikilia mizizi. Saa tisa hivi tulifika tena kwenye kijito, na sasa jua lilikuwa linawaka, majani yanameta, ndege wanaimba. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, mapana mara tatu ya asubuhi, yanakwenda bila kelele nyingi. Ng'ambo, mwendo wa dakika ishirini, gari lilikuwa linatungoja, na ndani ya gari kulikuwa na chapati na ndengu kwenye sufuria iliyofungwa kwa shuka.

Kiongozi alivunja kijiti kichakani. Akakichuna maganda kwa kisu, akachuchumaa, akakichomeka ukingoni kabisa, pale maji yalipolamba udongo. Kisha akalaza kiganja chake chini, kati ya kijiti na maji, kutuonyesha.

"Tunangoja maji irudi nyuma hivi, mkono moja. Ikiacha kijiti kavu hivi, tunavuka. Ikipanda kijiti, tunarudi juu tunalala kwa pango. Hakuna ingine."

Alijaribu simu. Haikushika mtandao. Akanitazama, kwa kuwa filimbi ilikuwa shingoni mwangu.

"Mama, wewe ndio mkubwa hapa. Chunga hii kijiti. Mimi napanda kidogo nitafute network, niulize shemeji kama huko bado kunanyesha. Usiondoe macho hapa."

Akaondoka. Wenzangu walikaa kwenye mawe nyuma yangu, wakikamua soksi. Mdogo wangu alikuwa ameinama anafunga kiatu. Mimi nilisimama juu ya kijiti.

Kwa dakika tano maji hayakufanya lolote. Halafu yalikigusa. Halafu yalikizunguka, na alama ya unyevu ikapanda kwenye ule mti mweupe uliochunwa, kidole kimoja, kisha viwili. Niliona vizuri. Nataka ieleweke kwamba niliona vizuri sana.

Nilikuwa na njaa na baridi, lakini si hayo. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa hii: mdogo wangu alikuwa amesema kweli alfajiri, mbele ya watu, na sasa tungelala pangoni kwa sababu yangu. Angesema "nilikuambia" ningekuwa na la kumjibu. Hakusema. Tangu mvua ianze hakuwa amesema neno hata moja, na kila nilipofikiria ukimya wake nilitaka kumpiga kofi.

Nikachuchumaa, nikaking'oa kijiti. Nikapangusa alama ya maji kwa kidole gumba. Nikapiga hatua moja kurudi nyuma nikakichomeka kwenye udongo mkavu.

"Yameshuka!" nikaita. "Njooni mjionee."

Walikuja wakasimama kunizunguka. Kijiti kilikuwa kikavu, na kati yake na maji palikuwa na kiganja na nusu. Mmoja akasema tungemngoja mzee arudi.

"Mzee ametafuta network mpaka amefika Arusha," nikasema. Wakacheka, na kicheko kikamaliza mjadala. Kwa kawaida kicheko changu ndicho kilichomaliza mijadala.

Mdogo wangu alikuja wa mwisho, akapita katikati yao mpaka mbele. Alisimama kwenye kijiti. Akakitazama. Akayatazama maji, akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo. Nilidhani anangoja kama alivyongoja siku zote.

"Endelea," nikasema.

Alifungua mikanda ya begi, kama nilivyowafundisha. Aliingia ubavu, uso ukielekea maji yanakotoka, fimbo mbele, vizuri kabisa. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Magotini. Mapajani. Akafika katikati, akageuka kunitazama.

Hapo nikasikia mawe. Yalikuja kutoka juu, chini ya maji, yakiburutana. Nilikuwa na nafasi ya kusema "rudi." Hata kumaliza kulisema neno hilo nafasi ilikuwepo. Sikulisema, kwa sababu ningemwambia arudi wenzangu wangeniuliza imekuwaje, na macho yote yangekwenda kwenye kijiti.

Alianguka bila kupiga kelele. Mguu wa kulia ulikuwa umenaswa kati ya mawe mawili, na jiwe la tatu, lililokuja na maji, likaupata hapo. Kiongozi alikuwa anateremka mbio, simu mkononi, akipaza sauti kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili, "Inakuja! Inakuja! Msiingie!" Alimkuta ameshaingia. Aliitupa simu kwenye majani, akaruka majini na fimbo yake, akamshika ukosi wa jaketi. Wenzangu walimrushia shuka iliyokuwa begini akaizungusha mkononi, nasi tukavuta. Nami nilivuta. Tulipomtoa ndipo alipolia, na sitaeleza kilio hicho.

Tulipokwisha kumfunga mguu kwa vijiti na soksi, kiongozi alirudi ukingoni. Maji sasa yalikuwa yanakaribia hata pale nilipokihamishia kijiti. Alichuchumaa, akakitazama, akagusa udongo kwa vidole. Alisema kitu kwa lugha yake, polepole, halafu akanigeukia.

"Mama, niliiweka hapa kweli?"

Mtu huyu alikuwa amelowa mpaka kifuani.

"Hapo hapo," nikasema.

Maji yaliposhuka ndipo tulipomvusha mdogo wangu, na alilazwa hospitalini miezi miwili. Waliuweka mguu chuma, wakautoa, wakauweka tena, na ulipopona ulikuwa umefupika kwa upana wa vidole vitatu, na kifundo hakikunjiki. Fundi wa viatu alimtengenezea kiatu chenye soli nene kama kitabu cha nyimbo. Cherehani ya kukanyaga haikumtii tena. Alijaribu wiki moja, mguu wa kushoto ukachoka, wa kulia ukawa unakanyaga ovyo na uzi unakatika. Sasa anatumia ya umeme. Ile nyeusi iko kibandani bado, amewekea vikombe juu yake.

Kikundi chetu kilimhukumu kiongozi kwenye simu, ndani ya siku moja. Aliweka kijiti mahali pabaya. Aliacha wanawake peke yao. Mmoja aliandika kwamba hawa watu wanajua ng'ombe, binadamu hawajui. Niliusoma ujumbe huo kitandani, nikaubandika kikatuni cha kidole gumba. Maneno yalifika Namanga, kwa kuwa maneno ya aina hiyo hayakosi usafiri, na vikundi vya Nairobi vikaacha kumwita. Viongozi wenzake walimtania kwamba kijiti chake kina mapembe, kinatembea chenyewe kama ng'ombe. Mwisho akaacha kupandisha watu mlimani.

Lakini kabla ya hapo alikuja Kitengela. Mdogo wangu alikuwa ametoka hospitalini, mguu juu ya stuli, nami nilikuwa kwake namimina chai. Mtu huyu alikuwa ametoka Namanga na kondoo mnene kwa kamba, kwa maana kwao aliyevunjika mfupa anachinjiwa, ananyweshwa supu ya mafuta mpaka ashike nguvu. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya mguu ule, kofia mkononi.

"Dada, nimekuja kusema pole. Kijiti yangu ilikosea. Miaka yote haijawahi kukosea, na sijui siku hiyo macho yangu yalikuwa wapi."

Mdogo wangu alinitazama. Nilikuwa nimeshika birika. Niliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

"Si kijiti, mzee," akamwambia. "Usijisumbue na kijiti."

Mzee akachukulia kwamba amesamehewa, akafuta macho kwa ncha ya shuka. Nami nikachukulia hivyohivyo. Supu ya kondoo huyo niliinywa mabakuli mawili.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, alinipigia simu. Alinipigia mimi kwa sababu aliona haya kumpigia yeye. "Takwenya, mama. Mguu ya dada inaendelea aje?" Nami nilijibu, "Inaendelea," nikakata. Miaka mitatu hivyo. Na kwa kuwa watu walikuwa wameacha kuwaamini viongozi na vijiti vyao, walianza kuniuliza mimi, niliyekuwepo, niliyeona kwa macho yangu. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo cha mama wa mito.

Mvua za mwaka huu zimekuwa mbaya Kitengela. Udongo wetu mweusi ukishiba maji hauyanywi tena, na korongo lililo kati ya nyumba zetu limekuwa mto mara nne. Pana kivuko cha saruji pale, ambacho maji hupita juu yake. Jumapili moja tulitoka kanisani pamoja, yeye na mkongojo wake, mimi na gauni langu la zambarau, nikienda kwangu, na yeye akinisindikiza kuchukua vitambaa alivyoacha kwangu. Tulikuta maji ya udongo yamepanda juu ya saruji. Wenye pikipiki walikuwa wamegeuza. Watu walikuwa wameamua kuzunguka kwa barabara kuu.

"Hii ni ya kungoja," nikatoa hukumu.

Alijikokota mpaka kwenye ua wa jirani, akavunja kijiti cha mchongoma, akakichuna kwa kucha, taratibu. Akainama kwa shida, mguu wenye soli nene umetangulia pembeni, akakichomeka ukingoni pale maji yalipolamba udongo. Nilicheka kidogo. Nikasema, "Umekuwa Mmaasai sasa?"

Tulingoja. Maji yalikigusa kijiti, yakakizunguka, yakapanda kidole kimoja, kisha viwili. Mdogo wangu akanitazama usoni, na bila kuondoa macho akainama akaking'oa. Akapangusa alama ya maji kwa kidole gumba. Akarudi hatua moja, akakichomeka kwenye udongo mkavu.

"Imeshuka," akasema. "Tangulia."

Nilikitazama kijiti.

"Ulikuwa unafunga kiatu," nikasema.

"Nilikuwa nimemaliza."

"Na ukaingia?"

"Si ulisema endelea?"

Alilisema bila hasira. Kama angekuwa na hasira ningejua pa kushika. Miaka mitatu alikuwa amekunywa chai yangu, ameniacha nimuoshe mguu ule, nimshonee hata kifungo, mimi nisiyejua kushona, na wakati wote alikuwa akiniangalia kama anavyoangalia kitambaa kabla ya kukikata. Niliogopa. Nimemchukia mara nyingi maishani, lakini kumwogopa ilikuwa mara ya kwanza.

Nikavua viatu. Nikaiweka simu kifuani. Nikaingia ubavu, uso ukielekea maji yanakotoka. Yalikuwa baridi na yalikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Miaka yote nimehukumu maji kwa picha. Magotini. Mapajani. Gauni langu la kanisani lilijaa maji likanivuta, na nilipofika katikati nikageuka kumtazama. Sikukusudia. Shingo iligeuka yenyewe. Nilitaka aseme kitu, neno lolote.

"Endelea," akasema.

Nilivuka nikitambaa mwishoni, nimeshika majani. Niliposimama ng'ambo nilikuwa na matope mpaka kiunoni, na yeye alikuwa amekaa kwenye jiwe upande ule, amenyoosha mguu wake mfupi, mkongojo mapajani.

"Sasa mpigie," akapaza sauti.

"Nani?"

"Unamjua! Na uweke loudspeaker!"

Nilitoa simu. Ilikuwa imelowa pembeni, lakini ilikuwa inafanya kazi, na nilisikitika kwamba inafanya kazi. Namba yake ilikuwa juu kabisa, kwa sababu ni yeye aliyenipigia kila mwezi. Mimi sikuwahi kumpigia hata mara moja. Aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Takwenya, mama! Ni nini? Ni dada? Mguu imekataa?"

Nilisema nilichokuwa nacho cha kusema, kwa sauti ndogo, mdomo karibu na simu. Ng'ambo, mdogo wangu akaweka kiganja nyuma ya sikio, akatikisa kichwa.

"Sisikii!"

Nikaanza upya, tangu pale mzee alipopanda kutafuta network na kuniachia kijiti. Ilibidi nipige kelele, kwa sababu maji yalikuwa bado juu.